Famasi kubwa inakuja mtaani kwenu: itazameni ramani kabla ya kuandika barua ya pingamizi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba kampuni yenye matawi mengi ya famasi imenunua viwanja viwili vinavyopakana na nyumba zenu huko Nyakato, Mwanza, kwamba wakazi wanahofia magari, kelele na maji ya mvua, na umeuliza kama barua ya kupinga itasaidia. Mimi naishi Mabatini, karibu na Mto Mirongo, ambako tulikabiliwa na jambo la aina hiyo.

Nawasihi msiipinge famasi kwa kuwa ni famasi. Mkisema mtaa hauhitaji duka la dawa mtajibiwa kwa urahisi sana, kwa sababu maduka ya dawa muhimu tuliyoyazoea, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, yanaruhusiwa kuuza dawa chache tu za cheti, na kila anayeuguza mgonjwa wa kudumu nyumbani anaijua adha ya kupanda daladala hadi Hospitali ya Bugando au katikati ya mji kutafuta dawa aliyoandikiwa. Lihojini jengo lenyewe: magari yataingilia wapi, mizigo itashushwa wapi, na maji ya paa na ya uwanja yataelekezwa kwa nani.

Kama viwanja hivyo vilipimwa kwa ajili ya makazi, mwenye mradi anapaswa kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na maombi hayo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nendeni kwa afisa mipango miji wa Manispaa ya Ilemela, muulizie maombi yamefikia hatua gani, kisha mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wa hadhara ambao mhandisi wa mradi atakuja na michoro yake.

Kwetu mkutano huo ndio uliobadilisha mambo. Mchoro ulionyesha uwanja wote wa mbele ukiwa umesakafiwa hadi mpakani, huku mteremko ukielekea kwenye mtaro wetu mwembamba, na kila mkazi wa Mwanza anajua jinsi maji yanavyoshuka kutoka kwenye miamba yakiwa yamebeba mchanga, yakaziba kalavati, kisha yakatafuta njia ndani ya nyumba za watu. Wakati mhandisi anaeleza kwamba mtaro uliopo unatosha, mama mmoja muuza dagaa alisimama, akamwomba amfuate hadi nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka hapo. Alimwonyesha mstari wa matope uliobaki ukutani tangu masika, chini kidogo ya dirisha, na godoro lililokuwa limeanikwa nje ambalo halikuwahi kukauka vizuri. Mhandisi alitoa futi yake akapima mwenyewe. Aliporudi mkutanoni hakurudia tena maneno ya mtaro kutosha.

Tulikubaliana kwamba mtaro upanuliwe na kalavati libadilishwe kabla ya msingi kuchimbwa, na kwamba magari yaingilie upande wa barabara kubwa, si kwenye kichochoro wanachopita watoto wa shule. Yote yaliandikwa kwenye muhtasari, ukasainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na nakala ikapelekwa halmashauri. Muhtasari huo ulitufaa sana baadaye, mkandarasi alipotaka kuanza msingi huku mtaro ukiwa bado. Jenereta tulidai iwekwe mbali na vyumba vya kulala vya jirani, lakini hilo halikukubaliwa, na hadi leo umeme ukikatika usiku jirani huyo hapati usingizi.

Kuhusu wenye maduka madogo ya dawa, ninawaonea uchungu wa kweli, kwa sababu ndio wanaomkopesha mama mwenye mtoto mwenye homa na kumfungulia dirisha usiku wa manane. Hata hivyo, hoja ya kuwakinga dhidi ya ushindani haikutufikisha popote. Iliyosikilizwa ni ile ya kutaka tawi hilo liwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na likienda kinyume mnaweza kupeleka malalamiko Baraza la Famasi.

Barua yenu ipitie serikali ya mtaa, ipelekwe ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ikiwezekana, mwombeni afisa aje kukagua kiwanja siku ambayo mvua imenyesha.