Fedha ikipita mikononi mwa ndugu: majibu kwa wasomaji

Barua za wiki hii karibu zote zina jambo moja ndani yake: fedha iliyotoka kwa ndugu au rafiki ikaenda kwa mwingine, na watu wakaoneana haya kusema ni ya nini. Nimechagua tano.

Shikamoo mama. Nina duka la unga na mchele Morogoro. Mtoto wa dada yangu, miaka 22, ananisaidia kuuza. Anakula na kulala kwangu. Jioni nikipiga hesabu, hela hazitimii. Nikimuuliza ananuna, na dada ameshanipigia simu kwamba namwita mwanawe mwizi.

Marahaba mwanangu. Unamlipa shilingi ngapi? Barua yako ndefu haikutaja mshahara hata mahali pamoja, nami nahisi haupo. Kijana wa miaka 22 ananyoa nywele, ananunua vocha, pengine yupo binti angependa kumnunulia soda. Anakufungulia duka alfajiri na kulifunga usiku. Akitoa elfu mbili kwenye droo, moyoni mwake hajaiba, amechukua chake ambacho hakuna aliyemhesabia. Wewe moyoni mwako umeibiwa. Kila mmoja ana haki yake kidogo, ndiyo maana ugomvi wenu hauishi.

Yamenikuta. Nilipokuwa na duka la khanga Tanga, binamu yangu aliniuzia miaka miwili kwa chakula na malazi tu. Siku niliyokuta doti mbili chini ya mto wake sikumuuliza kitu, nilimkatia tiketi ya basi. Doti mbili! Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya ujira wa miaka miwili ambao sikumpa, nikaona haya mwenyewe. Nilimwomba radhi, akapokea, lakini kwa miaka mingi tuliishia kusalimiana misibani.

Kwa hiyo mkalishe, na dada yako awepo, ana kwa ana. Taja mshahara, taja tarehe ya kulipa, taja na anachoruhusiwa kuchukua dukani bila kuuliza. Kisha nunua daftari, ulipige mistari: mauzo, matumizi, kilichokwenda nyumbani. Na wewe uandike. Ile kilo mbili ya mchele unayopitisha jikoni kwako ukisema “nitaandika kesho” ni upungufu vilevile, na mara nyingi mwenye duka ndiye anayejipunguzia. Wazee hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni hesabuni pamoja, wote mtie sahihi. Hela zikipungua tena, mtazungumza juu ya tarakimu, tabia ya kijana mtaiacha pembeni.

Mama, mwaka jana nilimkopesha kaka yangu laki nane mkewe alipolazwa. Hatukuandikiana. Sasa akiniona anapita njia nyingine, na juzi nimemwona na bodaboda mpya. Niliseme kwenye kundi la familia?

Usithubutu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wajomba na wapwa zake hatafuti tena hela ya kukulipa, anatafuta la kukujibu. Mfuate kwake, peke yako. Ukiwa Mkristo, Mathayo 18:15 inakuelekeza hivyohivyo: ndugu yako akikukosa, nenda ukazungumze naye mkiwa wawili tu. Ukiwa Mwislamu, unajua kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Watu husema kuandikiana na ndugu ni kutomwamini. Mimi naona aya ile haikumtoa ndugu.

Na hiyo bodaboda, uliza kwanza. Nyingi ziko kwenye mkataba, dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na chombo hakijawa chake. Akikubali elfu hamsini kwa mwezi, miezi 16 deni limekwisha. Liandikeni siku hiyohiyo. Sheria ya Tanzania inakupa miaka 6 kudai mahakamani deni la makubaliano, basi usiende na hasira ya mtu anayechelewa basi. Ukiamua kumsamehe, mtamkie. Asipolisikia kinywani mwako ataendelea kukukwepa.

Mume wangu anataka kuweka nyumba yetu rehani benki. Anasema jina langu halimo kwenye hati, hivyo sina la kusema.

Unalo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Benki itataka sahihi yako. Usiifanye sahihi hiyo fimbo. Muulize marejesho ni kiasi gani kwa mwezi, biashara inaingiza kiasi gani sasa hivi, na ikiyumba mtalipa kutoka wapi. Akijibu kwa tarakimu, msikilize vizuri. Akijibu kwa ukali, kataa, lakini kataa mkiwa chumbani, kabla hamjafika mbele ya ofisa mikopo.

Rafiki yangu anatoa mtaji, mimi nitakuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, Mbeya. Faida tugawane vipi?

Mnavyotaka, ila muandike kabla ya kununua msumari wa kwanza. Wabia wasipokubaliana vingine, sheria huwagawia faida sawa kwa sawa, na hasara vilevile. Mwenye mtaji analijua hilo? Andikeni pia mmoja akitaka kutoka atalipwaje. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, likiwa na majina yenu wote wawili.

Asalamu aleikum mama. Kaka yuko Muscat, ananitumia fedha nimjengee nyumba Wete. Siku hizi ananiuliza maswali kama polisi. Sijala hata senti.

Waaleikum salaam. Nakuamini. Lakini yeye huko anaona fedha ikitoka tu, ukuta hauoni. Saruji ikipanda bei au fundi akitoweka wiki mbili, wewe unajua sababu, yeye anaona kimya. Usingoje aulize. Kila risiti ipige picha siku uliyonunua, na inapowezekana alipe dukani moja kwa moja, wewe upokee mzigo. Umwombe pia posho ya kusimamia, kwa kiasi kinachojulikana, maana nauli na siku zako zinakwenda. Ijumaa ni siku ya mapumziko kule. Mpigie simu ya video ukiwa ndani ya jengo, umpitishe chumba kwa chumba, na ule ukuta uliopinda umwoneshe wewe mwenyewe kabla hajaja likizo akauona.