Pamba amekataa beseni lake

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina sungura jike wa miezi miwili na nusu, tunamwita Pamba. Ana wiki tatu tangu afike. Nilimwekea beseni la maranda karibu na mlango, lakini yeye kila siku anakojoa kwenye kona nyuma ya kochi. Beseni amelifanya kitanda! Vinyesi ndiyo usiseme, vimetapakaa chumba kizima kama shanga zilizokatika uzi. Nikimfuma anakojoa nampigia makofi na kumbeba hadi kwenye beseni, na siku hizi akiniona tu anajificha chini ya meza. Niliambiwa sungura hufundishika choo kama paka. Au nimepata mkaidi?
Nimechoka na Ufagio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapata mkaidi. Pamba amekuonyesha choo chake siku ya kwanza, wewe ndiye uliyekataa kusikia. Sungura huchagua kona moja ya kukojolea, mara nyingi iliyojificha ambako hakuna wa kumjia kwa nyuma, na akishaichagua anairudia. Karibu na mlango watu wanapita. Nani anataka kwenda haja njiani? Lipeleke beseni nyuma ya kochi.

Nasema hivyo kwa sababu nami nimeyapitia. Dume langu la kwanza, la kijivu, tulibishana karibu mwezi mzima juu ya kona ya kabati la vitabu. Siku niliyosalimu amri nilisogeza kabati sentimita 40 na kutia beseni pale. Jioni ile ile nikamwona ameingia, akarudi kinyumenyume hadi makalio yakagusa ukingo, akanyanyua kimkia. Ishara hiyo ishike, ndiyo inayotangulia mkojo. Ukimwona Pamba anainua mkia mahali pasipostahili, mwelekeze taratibu kwenye beseni. Akishaanza, mwache amalize, ufute.

Makofi acha leo. Hajajifunza kwamba kona ni haramu, amejifunza kwamba wewe ni wa kuogopwa, na mnyama mwenye hofu hana nafasi ya kujifunza kitu kingine.

Sasa nyasi kavu, ambazo ndizo mlo wake mkuu. Sungura hula huku anajisaidia, vyote kwa pamoja, hana aibu. Rundika nyasi upande mmoja wa beseni, au zitundike juu yake, ili asizifikie mpaka aingie ndani. Jambo hili moja linafanya kazi kuliko maelekezo yangu mengine yote. Beseni liwe pana, aweze kugeuka na kujinyoosha hata akikua, lakini upande wa kuingilia uwe mfupi. Miguu yake bado midogo.

Maranda yatoe, hasa ya msonobari au mwerezi: ile harufu yake nzuri ni kemikali zinazolisumbua ini la sungura. Mchanga wa paka unaogandamana usiuguse kabisa, maana watoto wa sungura huonja kila kitu, na ukigandia tumboni unaziba utumbo. Tandika magazeti yaliyochanwa na nyasi juu yake, au vidonge vya karatasi ukivipata.

Badilisha kila siku, ila bakiza kijiti kimoja cha nyasi iliyolowa mkojo na vinyesi vichache. Harufu hiyo ndiyo kibao cha "Choo". Sakafuni fanya kinyume chake: iondoe harufu yote. Ule utando mweupe unaobaki ni madini ya kalisi (kalsiamu), sungura huyatoa kwa wingi kwenye mkojo, na sabuni haiuwezi. Mwagia siki nyeupe, subiri nusu saa, sugua.

Chumba kizima ni kikubwa kwa mtoto. Mzungushie uzio sehemu ndogo yenye hiyo kona, na umwongezee nafasi kidogo kidogo kila anapopitisha siku kadhaa bila ajali. Vitanda na mito mbali naye. Kitu chochote laini kwake kinafanana na choo. Kulala ndani ya beseni si kosa, wengi hulipenda. Mwekee na pengine pa kujilaza, kisha mwache achague.

Vinyesi na mkojo ni mambo mawili, usivichanganye. Vile vigololi vikavu ni alama ya mipaka, "hapa pangu", na vichache utaendelea kuviokota. Tena jiandae: akifika miezi minne hivi ujana utampanda na huenda akaharibu yote uliyomfundisha. Zungumza mapema na daktari wa mifugo anayewajua sungura kuhusu kumtoa kizazi, kwa kawaida akiwa na miezi mitano au sita. Tabia hutulia wiki kadhaa baadaye, na utakuwa umemkinga na saratani ya kizazi, ambayo ni ya kawaida mno kwa majike wazee wasiofanyiwa. Mkiwa pale, daktari athibitishe jinsia yake pia. Nilikuwa na "binti" aliyeitwa Asumini mpaka siku daktari alipomgeuza tumbo juu akacheka.

Mkojo wake ukiwa wa rangi ya chungwa au mwekundu siku moja usikurupuke, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Lakini akijikamua, akidondosha matone, au akiacha ghafla beseni aliyokwisha kuizoea, mpeleke akapimwe. Na nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi ni dharura, usingoje kesho.

Basi vuta hilo kochi. Ukimkuta ameketi kwenye beseni anatafuna, macho yamelegea, usimwite wala usimshike hata kama unataka kumpongeza. Pita kimya. Kipande cha jani utampa akitoka.