Trafiki wa kwenye ruta: ndoo yangu ndogo ilivyonitia aibu Posta

Ukimwambia mtu wa Dar umeweka polisingi (kidhibiti kasi) kwenye ruta, kile kifaa kinachopitisha intaneti ya ofisi, anawaza wale jamaa wa nguo nyeupe pale Ubungo, na wala hajakosea sana. Kuna kasi uliyoruhusiwa, ukizidisha unadakwa. Ila trafiki wa ruta hasikilizi maelezo, pakiti, yaani kipande cha data, ikizidi anaitupa palepale.

Sasa yaliyonikuta. Kuna ofisi ya mawakala wa forodha maeneo ya Posta, laini yao Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), na simu zao zinapita humohumo kwenye intaneti, basi kila vijana wa nyaraka wakianza kupakia mafaili simu zinakatakata hamsikilizani. Nikasema hii ndogo, mafaili nayabana kwenye Mbps 10 simu zipumue. Nikachukua konfigi (mipangilio ya ruta) ya zamani kwenye laptop yangu, ya enzi zile kabla waya wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika 2009, ofisi nzima mnagombania kilobiti 512 kwa sekunde za setilaiti, nikabadilisha kasi tu, nikaseivu, nikapanda boda nikarudi zangu Sinza.

Kesho yake asubuhi dada wa mapokezi kapiga. "Kaka, simu ziko safi ila mafaili hayaendi kabisa, na bosi kanuna." Nikaenda, nikapima kwa iperf, programu ya kupima kasi, upande wa UDP (utumaji usiosubiri majibu), Mbps 10 zinapita bila shida, nikawaambia kwa kujiamini kabisa kwamba tatizo ni kompyuta zenu. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Tatizo lilikuwa basti. Iko hivi, tokeni za umeme wa LUKU mnazijua, ruta nayo ina tokeni zake ila hainunui, zinamiminika kwenye ndoo kwa kasi ileile muda wote, na kila pakiti inayopita inachota kulingana na ukubwa wake. Ndoo ikikauka pakiti inatupwa, ndoo ikijaa tokeni zinamwagika, hakuna kuweka akiba ya jana. Kasi ni bomba, basti ni ukubwa wa ndoo. Mimi nilipanua bomba nikaacha kindoo kilekile cha baiti 16000. Kwa kilobiti 512 kilitosha, ni mzigo wa robo sekunde, ndiyo hesabu ambayo ruta za Cisco zinajiwekea zenyewe usipoandika kitu. Kwa Mbps 10 ni kama milisekunde 13 tu, pakiti kumi kubwa hivi zimekimaliza. Na kompyuta iko kwenye waya wa gigabiti, inarusha pakiti kwa mafungu, zile za mwanzo zinapita zingine zinaishia kwa trafiki, TCP, njia inayobeba mafaili, ikiona zimepotea inapunguza mwendo ghafla, inapanda taratibu, inagonga tena, siku nzima hivyo. UDP ya iperf ilikuwa inatoa pakiti kwa nafasi nafasi, ndoo haikauki, ndiyo maana kipimo kilinidanganya. Pimeni kwa TCP jamani.

Hesabu ya Cisco ya siku nyingi ni kasi gawa kwa 8 zidisha 1.5, kwa Mbps 10 unapata baiti 1,875,000. Angalia vizuri hapo, kasi inaandikwa kwa biti na basti kwa baiti (baiti moja ni biti nane), ukichanganya umeumia. Nikaweka hiyo, mafaili yakaanza kukimbia.

Ila simu zikaanza tena kukwaruza kidogo. Ndoo kubwa nayo ina kasoro yake, mtu akikaa kimya inajaa, akibonyeza kutuma tu mzigo wote unatoka kwa mkupuo, unaenda kukutana na trafiki wa mtoa huduma kule mbele, na yule hajui ipi simu ipi PDF, anatupa tu. Kumbe nilichohitaji tangu mwanzo ni shepingi. Shepingi haitupi haraka, inapanga foleni kama ya mwendokasi pale Kimara, pakiti zinasubiri zamu. Nikashepu kila kinachotoka kwenye Mbps 19 ili foleni ikae kwangu na siyo kwa mtoa huduma, ndani yake pakiti za simu zenye alama ya EF (alama ya kipaumbele) zinatangulia. Polisingi nikaibakiza kwa Wi-Fi ya wageni, maana wao wakitupiwa pakiti sina wasiwasi. Na siyo lazima utupe, unaweza kuiambia ruta ishushe alama ya pakiti iliyozidi halafu iiache ipite, kama kuandikiwa faini ukaendelea na safari.

Halafu hata foleni ya simu ina trafiki wake ndani, laini ikibanwa anaamka. Simu moja ya G.711 (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, weka 90 ukihesabu na vichwa vya Ethernet, yale maelezo ya ziada yanayobandikwa kwenye kila pakiti. Niliwapa kilobiti 900, yaani simu kumi. Miezi kadhaa baadaye dada akapiga, zinakatakata tena, zote! Nikaingia kwenye ruta, nikapiga amri ya show policy-map interface, kaunta ya pakiti zilizotupwa kwenye foleni ya simu inapanda tu. Walikuwa na simu ya kumi na moja hewani, na trafiki hajui ipi imezidi, anachukua kidogo kwa kila mmoja wote mnaharibikiwa. Nikapandisha ikawa Mbps 1.5. Siku hizi akipiga, kabla hajamaliza salamu nishamuuliza mmeajiri wangapi.