Maswali na majibu: nakshi ndani ya kioo cha kupuliza

Tangu niandike kuhusu nakshi za kioo cha Murano, kisiwa cha Venice huko Italia, wasomaji wameleta maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo fundi. Nimeona bilauri yenye mistari myeupe iliyojisokota ndani ya kioo chenyewe. Inachorwa kwa rangi gani? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Haichorwi. Ni kioo ndani ya kioo. Fundi huchota tanurini tonge la kioo cheupe kama maziwa, hulivika kioo angavu, hulipasha moto hadi liwe laini. Msaidizi hushika ncha ya pili na kurudi nyuma hatua kwa hatua, tonge likivutika kuwa ufito mrefu mwembamba. Ufito hukatwa vipande, vipande hupangwa ubavu kwa ubavu na kupashwa moto mpaka vishikane, kisha huviringishwa kwenye ncha ya bomba la kupulizia. Fundi akibana ncha ya chini kwa koleo na kuzungusha bomba, mistari hujisokota. Hapo ndipo puto linapulizwa.

Ona basi: nakshi imeshaamuliwa kabla ya kupuliza. Anayepanga fito ovyo hana pa kurekebisha mbele ya safari.

Mafundi wa Venice walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291, na mwaka 1527 ndugu wawili, Filippo na Bernardo Serena, waliomba haki ya pekee ya kutengeneza vyombo vya nyuzi zilizosokotwa. Karibu miaka 500 imepita, na hatua za kazi ni zilezile.

Filigrana, zanfirico, reticello: ni kitu kimoja? (Msomaji, Dar es Salaam)

Filigrana ni jina la jumla la kazi ya nyuzi. Zanfirico ni pale ambapo kila ufito tayari una nyuzi zilizosokotwa ndani yake. Reticello ni wavu wa nyuzi zinazokatana.

Naweza kupuliza bilauri iliyonyooka. Nianze moja kwa moja na murine? (Msomaji, Nairobi)

Subiri kidogo. Murine ni vipande vinavyokatwa kutoka kwenye ufito wenye ua au umbo ndani yake. Kila kipande kinahitaji kupangwa na kushikana na mwenzake bila kuacha upenyo, na joto likipishana kidogo tu, ua linapinda.

Anza na chengachenga za kioo cha rangi: viringisha tonge juu yake, pasha, puliza. Kisha nenda kwenye kalibu ya mbavu, yaani kalibu yenye mifuo ndani. Hiyo ndiyo shule yenyewe, tena haina gharama ya rangi. Chovya tonge kwenye kalibu, litoke na mbavu, pasha moto, bana ncha, zungusha bomba. Mbavu zitakuonyesha joto lako lilivyo: palipo na moto zaidi hujisokota sana, palipopoa hubaki pamenyooka. Wanafunzi wengi hupata msokoto uliosongamana chini, na karibu na bomba hakuna kitu. Dawa yake ni kuingiza chombo ndani zaidi kwenye tundu la moto, yaani tanuri la kupashia chombo tena, ili bega nalo lipate joto, halafu kuipa ncha nafasi ipoe kidogo kabla ya kusokota.

Mbavu zikishatoka sawa kila mara, chukua fito zilizonyooka za rangi moja. Murine itakuja baadaye.

Nimejaribu reticello. Wavu umetokea, lakini viputo vya hewa kwenye kila jicho havipo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Umefika mbali, nakupongeza kwa dhati. Reticello ni maputo mawili: moja limesokotwa kulia, jingine kushoto, na la ndani hushushwa ndani ya la nje lililofunguliwa kama kikombe. Kiputo hunaswa kwa sababu fito zinaacha matuta. Matuta ya ndani yakikutana na matuta ya nje, hewa hufungiwa katikati ya kila jicho. Nadhani ulilainisha mno. Ama uliviringisha puto kwenye meza ya chuma mpaka uso ukawa sawa, ama ulilipasha mpaka matuta yakayeyuka.

Angalia pia namna unavyoshusha. Chini pagusane kwanza, kisha pulizia taratibu ili hewa ya ziada itoke kwa juu. Kuta zikigusana kwanza, utafungia kiputo kimoja kikubwa kitakachoharibu wavu wote. Na idadi ya fito ilingane ndani na nje, la sivyo macho hayatakaa sawa.

Tunayeyusha chupa. Naweza kuongeza rangi za kununua kutoka nje? (Msomaji, Kisumu)

Usifanye hivyo kabla ya kupima. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiwango chake. Rangi nyingi za studio zimetengenezwa kwa kioo chenye kipimo cha kutanuka cha 96, na chupa ziko chini ya hapo. Ukichanganya, chombo kinaweza kutoka kizuri na kupasuka usiku, au baada ya wiki mezani kwa mteja. Tanuri la kupozea haliponyi kasoro hiyo hata uliache siku nzima.

Kipimo ni rahisi. Gandisha vipande viwili vya moto ubavu kwa ubavu, kisha vuta uzi mwembamba wenye vioo vyote viwili. Uache upoe. Ukibaki umenyooka, vinapatana. Ukipinda, havipatani, na kile kilicho upande wa ndani wa upinde ndicho kinachosinyaa zaidi.

Jaribu kwanza chupa za kijani na za kahawia kama rangi zako, nazo pia uzipime. Na mnapoponda chupa, lowesheni maji na vaeni barakoa. Vumbi la kioo ni baya kwa mapafu.

Nikajifunze wapi bila kwenda Ulaya? (Msomaji, Moshi)

Kitengela Glass, nje kidogo ya Nairobi, na Shanga, hapo Arusha, wote hupuliza kioo kilichokwisha kutumika. Ukipata uwezo wa kusafiri, Pilchuck katika jimbo la Washington, Marekani, imefundisha kazi hii tangu 1971. Huko ndiko Lino Tagliapietra, fundi wa Murano, alikokwenda kufundisha mwaka 1979, wakati wazee wa kwao wakitaka siri zibaki kisiwani.

Popote utakapopokelewa, omba kazi ya kushika ncha ya pili ufito unapovutwa. Utajua kwa mkono wako ni lini kioo kinakubali na ni lini kimeanza kugoma.