Maswali ya Wasomaji: Je, Kuna Faida Kumkatia Mbwa Bima?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tabata. Mwezi uliopita mbwa wetu, Simba, aligongwa na bodaboda mbele ya geti saa mbili usiku akavunjika mguu wa nyuma. Kliniki walituandikia eksirei, dawa ya usingizi na upasuaji wa kuweka chuma, jumla shilingi 900,000, nusu itangulie. Tulikimbilia mkopo wa kikoba. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema huko watu huwakatia mbwa bima, lakini mume wangu anacheka na kusema bima ni ya magari. Sasa tumechukua mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Je, bima ya namna hiyo ina faida kweli, au ni kupoteza fedha? – Mama wa Tabata

JIBU: Pole sana, mama, na Simba naye mpe pole. Shemeji tusimlaumu, maana kwetu ukitaja bima mtu huona kwanza gari na trafiki barabarani. Hata hivyo jambo hili si la jana: nchini Uswidi mbwa wa kwanza alikatiwa bima mwaka 1924, farasi na mifugo wakiwa wametangulia tangu 1890, na Marekani ilipoanza mwaka 1982 hati ya kwanza ilitolewa kwa Lassie, yule mbwa wa kwenye televisheni.

Bima haipunguzi bei ya matibabu. Eksirei itabaki na bei yake. Inachobadilisha ni namna fedha inavyotoka. Mbwa hana NHIF, kila chupa ya dripu hulipwa taslimu, na gharama huja kwa mkupuo, mara nyingi usiku au tarehe ambazo mshahara umeshakwisha. Ndiyo maana mlipokuwa mmesimama kaunta mlilazimika kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja: Simba anaweza kupona, na fedha ipo? Swali la kwanza ni la daktari. La pili ndilo humfanya mtu aombe mnyama anayetibika achomwe sindano ya kumpumzisha, kisha akajuta miaka.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiuchukue kama bei ya kampuni yoyote. Tuseme ada ni shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka, na mkataba unasema mteja abebe mwenyewe 100,000 za kwanza, kisha bima ilipe asilimia 80 ya kinachobaki. Kwa bili yenu ya 900,000, bima ingelipa 640,000 nanyi mngetoa 260,000. Mwaka ukipita bila tukio, zile 240,000 hazirudi, na hapo ndipo wengi huona wameibiwa. Lakini sijaona mtu akimdai mlinzi wa usiku arudishe mshahara kwa kuwa mwizi hakuja.

Kwa Simba mmechelewa kidogo. Mikataba ya bima ya wanyama kwa kawaida haigusi ugonjwa au jeraha lililokuwapo kabla ya kusaini, hivyo mguu ule, hata ukisumbua mwakani, utakuwa juu yenu. Huyu mdogo ndiye wa kuharakisha, angali mzima na kadi yake haina historia ya ugonjwa. Kumbuka pia kuna kipindi cha kungoja baada ya kulipa ada ya kwanza, ambacho ugonjwa ukiingia ndani yake haulipiwi. Parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaowakumba hasa mbwa wadogo, haungoji, na matibabu yake ni siku kadhaa za dripu. Chanjo zenyewe, dawa ya minyoo na dawa ya kupe huwa nje ya bima ya kawaida, nazo zikirukwa kampuni inaweza kukataa madai. Kwa hiyo itunzeni kadi ya chanjo, ile ambayo daktari hubandika lebo ya kichupa, akaandika tarehe na kugonga mhuri.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote ni hili: hapa nchini bima ya wanyama imezoeleka zaidi upande wa ng'ombe, na wakala asiyekuelewa anaweza kukuletea mkataba uliotungwa kwa ajili ya mifugo, ambao hulipa thamani ya mnyama anapokufa. Huo haumtibu mbwa aliyevunjika mguu. Muulize waziwazi kama analipia matibabu au kifo, na kikomo cha mwaka ni kiasi gani, kisha hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mkikwama kwenye madai, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwenye paka mmoja asiyetoka ndani, na akiba ya milioni moja ambayo kweli haiguswi, sitamshawishi akate bima. Ninyi mlioingia kikoba kwa ajili ya mguu mmoja, nawashauri muifikirie.

SWALI: Mbwa wangu ni wa ulinzi. Akimuuma mtoto wa jirani, bima inalipa? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Bima ya matibabu ya mbwa hailipi, inayolipa ni ile ya madhara kwa mtu mwingine, kwa mfano wa bima ndogo ya gari. Katika miji kama Berlin na Hamburg, Ujerumani, mwenye mbwa analazimishwa na sheria kuwa nayo. Lakini mtoto akiumwa, bima subiri: jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa, hata kama alama ya jino ni ndogo. Huko wataulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo kadi iwekwe mahali ambapo hata dada wa kazi anaweza kuipata usipokuwapo nyumbani.