Mwarobaini: oga nao, piga nao mswaki, ila kuunywa hebu tuongee kwanza

Jamani kila nikikaa na watu lazima swali la mwarobaini lije, mara "naunywaje kwa ajili ya sukari", mara "mtoto ana homa nimpe vijiko vingapi", na jibu langu ni lile lile miaka yote: mwarobaini ni dawa ya nje. Ngozi, meno na bustani, huko ndo unafanya kazi kweli kweli. Tumboni uende nao kwa adabu.

Na nayasema haya mimi niliyekulia Tanga, kwetu karibu kila uani mti huu upo. Asili yake ni Bara Hindi na Myanmar, ukaletwa huku pwani ukapapenda, maana jua liwake mvua igome wenyewe uko kijani tu. Mtu akipata homa anafunikwa blanketi zito, sufuria la majani liko katikati ya miguu linafuka mvuke, unatoka jasho mpaka basi, na ukifunuliwa kikombe cha maji machungu kinakusubiri na bibi kasimama pale hana mchezo. Kwahiyo sio kwamba naudharau.

Kabla ya yote uhakikishe ni mwarobaini kweli, maana kuna ndugu yake mmelia, wengine huuita mwarobaini nusu, watu wanachuma bila kujua na matunda yake ni sumu. Angalia jani. Mwarobaini kijiti kimoja kimepangwa vijani pande mbili, kila kijani kimepinda kama mundu na pembeni kina meno meno kama msumeno. Mmelia kile kijiti kinagawanyika tena kuwa vijiti vingine vidogo ndo vinabeba vijani. Ukikuta maua ndo rahisi kabisa, mwarobaini ni meupe, mmelia ni ya zambarau.

Haya tuje kwenye kuoga. Chuma majani yaliyokomaa, yale mekundu mekundu ya nchani achana nayo, konzi mbili kubwa zinatosha sufuria la lita tatu, osha vumbi, chemsha kama robo saa mpaka maji yawe kijani kinachoelekea kahawia, funika yapoe, chuja, jimwagie mwisho baada ya kuoga kawaida na usijisuuze. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga hii inapunguza ule muwasho unaomfanya ajikune usiku kucha, mengine yanaisha yenyewe. Vipele vya joto hivi vya Desemba hadi Machi pwani, safi sana. Fangasi za katikati ya vidole vya miguu zinasaidika pia ila ukaushe miguu, ukivaa viatu vibichi hata uoge mwarobaini mwaka mzima hupati kitu.

Upele ule wa kuambukizana ndo nina imani nao zaidi. Mwanangu alirudi likizo kutoka bweni vidole vimejaa, nikatwanga majani mabichi pamoja na bizari ya manjano, nikampaka shingoni mpaka unyayoni, na kila mtu ndani ya nyumba akapakwa hata ambaye hajikuni, mashuka na nguo nikachemsha nikaanika juani. Dawa hiyo ya majani na manjano sikuitunga mimi, India waliwahi kuijaribu kwa watu 814 na majibu yao yaliyochapishwa 1992 yalisema asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ila hawakuweka kundi la kulinganisha kwahiyo usiichukulie kama msahafu, ukiona haiishi nenda famasi ukachukue dawa ya kupaka ya upele, na ukisahau zile nguo utaanza upya hata na hiyo ya famasi.

Mapunye ya kichwani lakini hapana! Fangasi wake wanaingia mpaka ndani ya mzizi wa nywele, kuosha hakuwafikii, mtoto anahitaji vidonge. Nimeona akina mama wanasugua kichwa cha mtoto na majani mpaka anatoka damu, inauma kweli.

Mswaki sina hata la kusema, kata kijiti unene wa kidole kidogo, tafuna ncha mpaka iwe brashi, sugua taratibu kwenye fizi. Uchungu utazoea.

Sasa kuunywa. Malaria kwanza. Maabara ni kweli dawa za ndani ya mwarobaini zimeua vimelea vya malaria kwenye vichupa, lakini mtu sio kichupa, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kikombe chako kinasafisha damu ya mtu. Homa inaweza kushuka, unashukuru Mungu, kumbe vimelea viko pale pale, na mtoto mdogo anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Kipimo cha kutoboa kidole kinatoa majibu dakika 15 hadi 20, nenda kapime, ikiwepo unameza dawa mseto na unamaliza dozi yote. Kufukiza baadaye ukitaka, ila sufuria la moto na mtoto mdogo chini ya blanketi moja mi sishauri.

Kwa wa sukari: unaweza kushusha sukari kweli, na hapo ndo pa hatari, kama tayari uko kwenye vidonge au sindano vikikutana vyote inashuka kupita kiasi, unatetemeka, jasho la baridi, unaanguka. Mwambie daktari wako kwanza, usione aibu. Mjamzito asinywe kabisa, wala anayetafuta mtoto, mke na mume wote, maana kwa wanyama umeonekana kuharibu mimba na kupunguza uzazi. Na mafuta yake ya mbegu usimnyweshe mtoto hata tone, kuna watoto walitapika wakapata degedege baada ya kupewa mililita 5 tu, hicho ni kijiko cha chai.

Bustanini ndo ufalme wake. Mbegu zina nguvu kuliko majani, kilichomo humo kinamfanya mdudu akose hamu ya kula na ashindwe kujivua gamba akue. Okota matunda ya njano yaliyoanguka, toa nyama, kausha kivulini, menya, twanga gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku mzima, chuja kwa kitambaa chepesi la sivyo bomba linaziba, weka na kipande kidogo cha sabuni ili dawa ishike kwenye majani. Mchicha, sukuma, bamia zenye vidukari, pulizia jioni sio mchana kwasababu jua linaua dawa haraka, geuza na chini ya jani ndo wanakojificha, na usisubiri wafe papo hapo, wanaacha kula kwanza. Ikibaki mpaka kesho kutwa mwaga, tengeneza nyingine.