Mtaalamu wa samaki kwenye bwawa la umeme

Umeuliza mwanabiolojia anaajiriwa bwawani afanye nini wakati kazi ya pale ni kufua umeme. Chukua Bonneville, kwenye mto Columbia, Marekani. Samaki waitwao samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga. Bwawa limewazibia njia, kwa hiyo wamejengewa ngazi ya samaki, yaani vidimbwi vinavyopandana hadi juu. Kwenye ngazi hiyo kuna dirisha la kioo, na nyuma yake kuna mtu anayehesabu samaki wanaopita na aina zao. Kazi hiyo imefanyika tangu 1938. Anaangalia hadi kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia: kikiwa kimekatwa, huyo katoka kituo cha kuzalishia vifaranga vya samaki.

Ugumu wenyewe uko kwa vifaranga wanaoshuka kwenda baharini. Wakipita kwenye mitambo, baadhi hufa. Ukiwafungulia milango ya bwawa, maji yanayoporomoka hujaa hewa kupita kiasi, na samaki wanatokwa na viputo machoni na kwenye mapezi. Basi unawanasa wachache, unawalewesha kwa dawa, unawakagua kwa hadubini, unawarudisha mtoni. Hapo ndipo unapovutana na watu wa umeme, maana maji yaliyomwagwa hayafui hata wati moja.

Na sijamtaja simba bahari, anayewavizia samoni chini ya bwawa kila majira ya kuchipua!